Kabla ya Kununua Kauri ya Kale ya Kijapani, Igeuze

Msomaji mmoja ameniuliza atajuaje kama sahani ya Kijapani anayoitaka imechorwa kwa mkono, na swali lake limenifikia wiki ileile niliyoshinda mnadani sahani ya Imari, aina ya kauri ya Kijapani, iliyoorodheshwa kimakosa kuwa ya Kichina. Nitamjibu, lakini aniruhusu kwanza nijisifu kidogo.

Katikati ya sahani hiyo kuna chombo cha maua kilichochorwa kwa buluu iliyokolea, na pembeni yake maua mekundu yenye dhahabu. Wenzangu waliitazama usoni tu. Mimi niliigeuza, nikaona chini ya kitako vialama vidogo kama makovu ya ndui, vilivyoachwa na vijiti vya udongo vilivyoishikilia ndani ya tanuri isije ikabonyea. Mafundi wa Arita, mji wa Japani zilikotengenezwa kauri za Imari, katika kisiwa cha Kyushu, walikuwa na desturi hiyo, ilhali kwenye sahani za Kichina alama hizo ni nadra. Muuzaji aliyewahi kuniambia mbele ya watu kwamba vitu hivi si vya watu wa aina yangu alikuwepo ukumbini, naye hakunyanyua mkono hata mara moja. Sijasahau maneno yake, wala sioni sababu ya kuyasahau.

Sasa jibu. Buluu ya kobalti huchorwa kwanza, kisha chombo hupakwa utando wa kioo na kuchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,300. Nyekundu na dhahabu huja juu ya utando huo na kuchomwa tena kwa joto dogo zaidi. Kwa hiyo pitisha kidole: buluu haisikiki, nyekundu husikika. Chukua kioo cha kukuzia uone rangi inavyokolea pale brashi ilipotua na kufifia ilipoondoka. Ukikuta vinukta vilivyopangika, hiyo imepigwa chapa.

Halafu igeuze, nasema tena, igeuze. Neno «Nippon» kwa herufi za Kilatini lilianza kuenea mwaka 1891, baada ya sheria ya forodha ya Marekani kudai bidhaa zitajwe nchi zilikotoka, na kuanzia 1921 likatakiwa «Japan». Muuzaji akikuapia kwamba sahani yenye muhuri huo ilibebwa na meli za Waholanzi kutoka Nagasaki katika miaka ya 1600, irudishe mezani, hata akikupunguzia bei.