Nilisainishwa mkopo kwa kipigo. Nyumba yetu itauzwa?

SWALI: Shikamoo wakili. Mume wangu alinipiga, nikasaini fomu ya kuridhia mkopo, dhamana ni nyumba yetu ya Tabata. Hati ina jina lake tu. Sasa nimejihifadhi kwa dada Mbagala, nasikia marejesho yamesimama. Hata laini yangu ya simu, yenye akiba yangu yote, aliisajili yeye. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, pole sana mdogo wangu. Naanza na laini kwa sababu hiyo haingoji. Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake, anaweza kwenda duka la mtandao leo akairudisha kwenye kadi mpya, na akiba yako ikaingia kwenye simu yake. Toa salio lote kwanza. Sajili laini mpya kwa namba yako ya NIDA, kisha piga *106# uone kama kuna namba nyingine zinazosoma jina lako. Kama una akaunti benki, badilisha pia namba inayopokea ujumbe wa miamala. Ujumbe mmoja wa kutoa pesa unaweza kumwonyesha ulipo.

Sasa nyumba. Kuandikwa peke yake kwenye hati hakumpi mume wako mamlaka yote. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na ridhaa iliyopatikana kwa kipigo, Sheria ya Mikataba inakuruhusu kuikana. Ila utadaiwa ushahidi, na hapo wengi hukwama, maana walificha wakiona aibu. Aibu si yako. Kama uliripoti, tafuta namba ya RB (taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). Kama hukuripoti, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi sasa, utaje siku uliyopigwa na siku uliyosaini. Tarehe hizo zikikaribiana, zinakusemea.

Mwandikie mkopeshaji kwamba ulilazimishwa. Usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha weka zuio kwa Msajili wa Hati. Zuio halifuti deni, lakini nyumba haitahamishwa kimyakimya. Tangazo la mnada likishabandikwa, barua hazitoshi tena. Itabidi mahakama iombwe kusimamisha mauzo, na hapo kila siku ina thamani. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) hutoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo.

Ukifikia kudai talaka na mgawanyo wa mali, mtu asikwambie hukuchangia kitu kwa kuwa ulikuwa mama wa nyumbani. Mahakama ya Rufani ililimaliza hilo mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango.

Tafadhali usirudi Tabata peke yako kufuata makaratasi. Taarifa za hati utazipata kwa kufanya upekuzi kwa Msajili, na kama kuna nguo za kuchukua, waombe polisi wa Dawati wakusindikize.