Maswali ya wasomaji: muziki wa kelele, spika na nyumba za mawe

Nimepakua kazi moja ya muziki wa kelele, ule wa mivumo na mikwaruzo badala ya mahadhi. Kwenye simu nasikia "shshsh" mwanzo hadi mwisho. Nakosa nini?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Unakosa sehemu ya chini yote. Spika ya simu haitoi karibu chochote chini ya hezi 300 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito), na kazi nyingi za aina hii husimama juu ya mivumo ya hezi 40 hadi 100. Tena simu nyingi huchanganya kushoto na kulia, na humo ndimo mwendo wa sauti unamopotea. Tumia hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Si lazima ziwe ghali.

Kisha kagua faili. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sauti zilizofunikwa na nyingine. Kwa taarab mbinu hiyo hufaulu, lakini kelele hujaza masafa yote kwa wakati mmoja, hivyo pengo la chochote kitakachotupwa litasikika. Ya kilobiti 128 kwa sekunde huanza kuchuruzika kama maji mferejini, na kwa kawaida hukatwa juu ya hezi 16,000. Tafuta 320, au bora FLAC, aina ya faili isiyotupa sauti yoyote. Jiandae tu na bando: FLAC hushusha muziki wa kawaida hadi karibu nusu, ila kelele nzito haishuki sana, na dakika 20 zaweza kukaribia megabaiti 200. Zima pia ekwalaiza na kila kitu ambacho simu inakiita "kuboresha sauti".

Sasa sikiliza kazi hiyohiyo mara tatu. Kwanza fuata besi peke yake. Mara ya pili fuata sauti za juu: ni laini au zinakwaruza, zinasongamana lini, zinaachana lini? Mara ya tatu fuata kinachohama kutoka sikio moja kwenda jingine. Usisubiri mahadhi, maana hapa mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayoibeba kazi.

Kwa kuanzia tunapendekeza *Peel*, albamu ya msanii KMRU wa Nairobi (2020), iliyojengwa kwa sauti alizorekodi nje na inayobadilika polepole sana. Halafu mtunzi wa Misri Halim El-Dabh: mwaka 1944 mjini Cairo alinasa zar, ngoma ya pepo ya wanawake, kwa mashine ya kurekodi kwenye waya, akaichakata studioni, miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kutoa kazi yake ya sauti za treni huko Paris. Aliyekulia karibu na ngoma za pepo hapa pwani ana mlango wake wa kuingilia hapo. Merzbow wa Japani ni mzito. Mwache mpaka sikio lizoee.

Nimeunganisha kompyuta na amplifaya. Kuna mvumo usiokatika. Ni muziki au ni hitilafu?
*Msomaji, Barani, Malindi*

Simamisha muziki. Ukibaki, ni wa mitambo yako. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo huo husikika kwenye 50 au 100. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Ukikatika, umepata chanzo: kompyuta na amplifaya zimeshika arthi kwa njia mbili tofauti, na umeme unazunguka kupitia waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usipokwisha, nunua kitenganishi chenye transfoma ndogo kinachokaa kwenye waya wa sauti. Usikate kamwe waya wa arthi wa amplifaya. Hilo hunyamazisha mvumo na kuweza kuua mtu.

Mkwaruzo wa kukatikakatika ni jambo jingine. Hapa kwetu mara nyingi ni chumvi kwenye jeki, ncha ya chuma ya waya wa sauti. Zima mtambo, futa jeki kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke kabisa.

Chumba changu ni cha nyumba ya kale. Nikiegemea ukuta besi inavimba, nikikaa katikati inatoweka. Spika ni mbovu?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Spika ni nzima. Misana, yaani vyumba, ya nyumba za mawe ni mirefu na myembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikandaa, kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Tuseme chako ni mita 2.8. Sauti katika joto letu husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana, utapata karibu hezi 62. Mvumo wa hezi hizo hugonga kuta mbili na kujirudia: kwenye ukuta unajaa, katikati unafutika. Taarab husamehe kwa kuwa noti zake hazikai. Mvumo unaodumu dakika kumi kwenye hezi 62 hausamehewi.

Weka spika upande mfupi wa chumba zitazame urefu wake, nusu mita kutoka ukutani. Wewe kaa kama theluthi moja ya urefu kutoka ukuta wa nyuma, usogee sentimita 30 kando ya mstari wa kati. Cheza mvumo wa hezi 62 kwa programu ya simu ya kutoa toni, usogee taratibu mpaka upate pasipojaa wala kufutika.

Mikeka na kanga hutuliza mwangwi wa juu tu, ule wa chokaa ngumu. Besi haivijali. Godoro nene la sufi likisimamishwa kila pembe husaidia kidogo, na kuacha milango wazi husaidia zaidi, kwani besi hupata pa kutokea. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziache wazi, huvunjavunja mrejeo wa sauti vizuri.

Lazima isikilizwe kwa sauti ya juu?
*Msomaji, Shela, Lamu*

Hapana. Shirika la Afya Duniani huweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu. Desibeli 90 ni saa 4. Kelele ni hatari kuliko nyimbo kwa kuwa haina mapumziko: kiwango kilekile cha sauti unachotumia kwa muziki wa bango kitakupa wastani mkubwa zaidi. Shusha sauti kabla ya kubonyeza cheza, kisha panda hatua moja moja. Masikio yakilia baadaye, yapumzishe siku nzima, na safari ijayo uanze chini zaidi.