Timu imeshuka daraja? Kabla hujatoa hati ya kiwanja, nisikilize

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa mdogo wangu mmoja wa Moshi, msomaji wa siku nyingi. Simtaji, wala timu yake siitaji. "Shikamoo kaka. Timu yetu imeshuka. Wazee wameniomba niwe mweka hazina, wanasema tukikaza msimu mmoja tu tunarudi. Nina akiba kidogo na bodaboda mbili. Unanishauri nini?"

Nilikuwa mezani. Nikaacha kula. Mke wangu akauliza, "Kuna msiba?" Nikampa simu asome. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Mwambie apige, niongee naye mimi."

Basi bora nimjibu mimi kabla hajajibiwa na shemeji yake.

Wengi mnanijua kwa duka la vifaa vya ujenzi, Ngarenaro. Ushauri wangu wa saruji na mabati mmeuzoea. Wachache mnajua kwamba kwa miaka minne nilikuwa mweka hazina wa timu ya mpira hapa Arusha. Timu ya wananchi, haina jeshi nyuma yake wala kiwanda. Tulikuwa Daraja la Kwanza, ile ambayo siku hizi inaitwa Championship, na mwaka 2018 tukashuka. Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya: katika miaka yote minne hakuna risiti hata moja iliyopotea mikononi mwangu. Hata waliokuja kunitukana baadaye hilo hawakuligusa.

Mechi ya mwisho sina haja ya kuisimulia. Tulihitaji ushindi, tukatoka sare. Ninachotaka ukione ni chumba cha kubadilishia nguo nusu saa baada ya filimbi. Vijana wamejiinamia, kipa kavaa glovu bado, kocha kageukia ukutani. Mwenyekiti akaingia, akapanda juu ya benchi na viatu vyake, akasema: hakuna mchezaji anayeondoka, hakuna mshahara unaopunguzwa, kambi haifungwi, mwakani tunarudi. Vijana wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Yale makofi yamenigharimu shilingi 11,640,000. Nimeyahesabu.

Huyo mwenyekiti hakuwa mwongo. Aliamini alichokisema, ndiyo maana tukamwamini. Lakini mfukoni hakuwa na kitu, na mimi niliyeshika kaunta buku nilijua hana kitu. Tulikuwa na wachezaji 22, wastani wa mshahara 250,000. Hiyo ni 5,500,000 kwa mwezi kabla hujanunua kilo moja ya unga wa kambi. Karibu nusu ilikuwa inatoka kwa mfadhili mmoja, mfanyabiashara, na yeye alitupenda tulipokuwa juu. Wiki mbili baada ya kushuka simu yake ikawa inaita tu. Mwezi wa pili ikawa haipatikani. Simlaumu sana. Yeye alikuwa ananunua jina lake kifuani mwa jezi, na jezi ya Daraja la Pili haioni mtu.

Watu wanaposikia timu imeshuka wanafikiria aibu. Aibu inapita. Kinachoua ni kwamba mapato yanashuka siku ileile na matumizi yanabaki palepale yalipokuwa. Ukiwa Ligi Kuu una mgawo wa haki za televisheni, ule mkataba wa Azam wa mwaka 2021 wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, una mdhamini wa ligi, na una siku mbili za neema kwa mwaka, Simba na Yanga wanapokuja kwako na jukwaa linafurika. Ukishuka, vyote unaviacha mlangoni. Uingereza timu ikishuka kutoka Ligi Kuu yao inaendelea kupewa fungu la fedha za televisheni hadi miaka mitatu: mwaka wa kwanza asilimia 55 ya mgawo wa klabu, wa pili 45, wa tatu 20. Wanaita parachuti. Sisi tuliruka bila hata mwavuli wa mvua.

Mechi yetu ya kwanza ya nyumbani huko chini, tiketi moja tuliuza shilingi 1,000. Tulipomaliza tukakaa watatu chini ya jukwaa, tukamwaga hela juu ya turubai, noti za mia tano zimelowa jasho. Waliolipa walikuwa 137. Kwa hiyo 137,000. Hapo kuna uwanja, waamuzi, askari, gari la wagonjwa, maji, na chapati za watoto waokota mipira. Palipungua 210,000. Wenzangu wakanitazama mimi. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Timu inadaiwa na mweka hazina. Kurudishwa Jumatatu."

Mdogo wangu, hiyo Jumatatu bado naisubiri.

Ndivyo inavyoanza, na ndiyo maana nakuandikia. Hakuna anayekuja kukwambia, kaka, tupe milioni kumi na moja. Ungekataa. Wanakuja na 210,000. Halafu 60,000 ya dawa ya mguu. Halafu nauli ya kijana aliyefiwa. Kila moja ni ndogo, kila moja ina huruma ndani yake, na anayekataa anaonekana haipendi timu.

Kisha ikaja safari ya Kanda ya Ziwa. Coaster tulikodi kwa kulipa nusu, nusu nyingine tukaahidi tungeituma wakiwa njiani, maana kulikuwa na mtu kaahidi kuchangia. Saa tano usiku meneja wa timu akanipigia. Wako Singida. Mwenye gari kampigia dereva, kamwambia azime, asiwashe mpaka hela iingie. Vijana wako ndani, baridi, kesho yake saa kumi wana mechi, na tusipotokea uwanjani tunapoteza pointi na faini juu. Nyuma ya sauti ya meneja nilimsikia mtu anakohoa. Huyo alikuwa beki wetu wa kushoto, nilimjua kwa kikohozi.

Sasa ngoja niseme lililo gumu kusema hadharani. Wiki hiyo mke wangu alikuwa amepokea zamu yake ya kikoba, 1,800,000, iko kwenye simu yake, ya ada za watoto. Nilimwamsha. Sikumwomba vizuri, nilimwomba kwa haraka, kama vile zilikuwa zangu. Alikaa kitandani, akawasha taa, akaweka namba ya siri huku ananitazama. Hakusema neno. Tulifungwa 3-0.

Hadi leo akiona Coaster yenye bendera ya timu dirishani anageuza uso. Nyumbani kwangu mpira unaangaliwa sauti ikiwa imezimwa.

Ungedhani hapo nilijifunza. Wapi. Mwezi wa Februari tulikuwa wa tatu kwenye kundi, na ukiwa wa tatu unaona daraja lile pale, karibu kulishika. Mwenyekiti akaja dukani na maneno yake matamu: tukiwalipa vijana miezi mitatu wanayodai, tunapanda. Nilikuwa na kiwanja Kisongo, nimekinunua kwa faida ya duka ya miaka sita, mawe ya msingi yako tayari pale. Nikachukua hati, nikaenda benki, nikakopa milioni 8. Nililipa mshahara wa mwezi mmoja na karibu nusu ya wa pili, wa tatu haukufika. Tulimaliza wa nne.

Mwaka 2001 klabu ya Leeds United ya Uingereza ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mwaka huohuo ilikopa pauni milioni 60 kwa kuweka rehani mapato yake ya tiketi ya miaka ijayo, ikiamini itafuzu tena. Haikufuzu. Ikauza wachezaji, Rio Ferdinand akaenda Manchester United, na mwaka 2004 ikashuka daraja. Mwaka huo ikauza uwanja wake wa Elland Road, ikauza na uwanja wa mazoezi. Mwaka 2007 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi 10, ikashuka tena hadi daraja la tatu. Haya niliyasoma nikiwa nimeshatoa hati. Nilicheka peke yangu dukani mpaka kijana wangu wa kazi akaja kuangalia. Leeds walikuwa na uwanja wa kuuza. Mimi nilikuwa na Kisongo.

Utaniambia, mbona wapo wanaoshuka na kurudi? Wapo. Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi 1999 na 2000, walishuka 2024 na 2025 wakarudi. Hongera kwao. Lakini Mtibwa ina kiwanda cha sukari mgongoni. Hapo kwenu Moshi mmeishi na timu ya Polisi Tanzania pale uwanja wa Ushirika, walishuka 2023. Timu ya taasisi ikishuka inaumia, ila bado kuna mtu anayefungua mlango asubuhi na kuwasha taa. Timu ya wananchi ikishuka, anayewasha taa ni wewe, na luku unanunua wewe.

Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema "msimu mmoja tu". Siku ileile mliyoshuka, kabla ya kikao cha kulaumiana, kaa na daftari uandike mnadaiwa nini na nani. Mwite mchezaji mmoja mmoja, sio kundi, umwambie kweli: tunaweza kukulipa kiasi hiki, ukitaka kuondoka tunakupa barua yako na tunaandikiana deni. Wengine watalia. Waache walie sasa. Sisi tuliowaahidi walilia mwezi wa nne, na watatu wakaenda kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la soka, TFF, wakashinda, na walikuwa na haki kabisa ya kushinda. Deni la mchezaji halizeeki. Linakusubiri siku mnataka kusajili, unaambiwa lipa kwanza.

Na mikataba, mdogo wangu, mikataba! Iandikwe mapema kwamba timu ikishuka mshahara unapungua kwa kiasi fulani. Viongozi wetu wanaona kuandika hivyo ni kujitabiria mabaya. Mimi nauza saruji. Sijawahi kuona mtu akikataa kuweka nondo kwa sababu anaogopa kuitabiria nyumba tetemeko.

Kambi fungeni. Chukueni vijana wanaolala kwao, wa Majengo, wa Pasua, wa Njoro, wanaokuja mazoezini kwa miguu. Mtafungwa. Fungweni. Kufungwa ni bure.

Hela yako usitoe bila karatasi yenye sahihi mbili. Hela ya mkeo usiiguse hata kwa karatasi. Hati ya kiwanja isitoke kabatini. Nimelisema hilo juu, nalisema tena, na ukinipigia nitalisema mara ya tatu. Vijana wa siku hizi mnapenda kuitwa "mzee wa timu" mkiwa na miaka thelathini, mnapenda kupishwa kiti jukwaa kuu. Najua ladha yake. Pale Sheikh Amri Abeid, uwanja wenye jina la mshairi, na mimi nilipishwa kiti nikajiona nimeandikiwa shairi. Kile kiti hakina mguu, mdogo wangu. Mguu ni wewe.

Kitu kimoja najivunia na hakuna atakayeninyang'anya. Kulikuwa na mama aliyekuwa anawapikia vijana pale Sakina, wali na maharage, siku ya mechi loshoro kwa wanaoipenda. Alikuja dukani na daftari lake la shule, lile lenye jedwali la hesabu nyuma, kila sahani kaichora kijistari. 940,000. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba, haya ya kwangu nimdai nani?" Viongozi wenzangu walikuwa wameshazima simu. Nilimlipa mwenyewe kidogo kidogo, miezi saba, na kila nikimlipa alifuta vijistari kwa kifutio, polepole, mbele yangu. Bado ananiletea parachichi msimu ukifika.

Straika wetu naye alikuja, akakaa juu ya mfuko wa saruji toka asubuhi mpaka mchana, hasemi kitu, anasubiri. Kwao Kigoma. Nikampa nauli. Sikuiandika.

Mkopo nilishindwa kuulipa, kwa hiyo nikauza kiwanja mwenyewe kabla benki haijakipiga mnada, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Aliyenunua ni mtu mzuri, tunasalimiana. Mwaka jana alikuja dukani, anataka kujenga ukuta kuzunguka eneo. Mifuko 60 ya saruji, nondo, na mchanga lori tatu. Alilipa taslimu. Nikamwambia kijana apakie, na dereva sikuwa na haja ya kumwelekeza njia.