Re: Natafuta tafiti za kuteguka kifundo cha mguu, nimepotea

Mambo ndugu. Umesema ukitafuta kuteguka kifundo cha mguu kwenye PubMed (tovuti ya kutafutia makala za kitabibu) zinamwagika makala maelfu na hujui uamini ipi. Anza na swali lako kwanza, ni pana mno. Andika ni nani, anafanyiwa nini, unalinganisha na nini na unapima nini, mfano wachezaji wa basketi waliowahi kuteguka, wakifanya mazoezi ya balansi na wasiofanya, je wanateguka tena? Halafu tafuta mapitio yanayokusanya majaribio mengi, Cochrane, shirika linaloandaa mapitio ya tafiti za afya, wako vizuri sana, ukikosa ndo ushuke kwenye jaribio mojamoja. PEDro, hifadhidata ya tafiti za fiziotherapia, nayo ni bure na majaribio mengi humo yameshapewa alama za ubora kutoka 0 hadi 10, ila usiishie kwenye alama, na usiishie kwenye muhtasari, soma sehemu ya mbinu mwenyewe: waligawanywa kwa bahati nasibu? wangapi waliacha njiani? aliyepima alijua nani yuko kundi gani? Na je wanafanana na wachezaji unaowahudumia, maana utafiti wa wazee hautakufaa kwa kijana wa miaka 17. Ukiambiwa ulipie, jaribu PubMed Central, hifadhi ya makala za kusoma bure, makala nyingi za jarida la Journal of Athletic Training zinasomeka huko. Takwimu nzito mpelekee mwalimu wako, hapo mimi si mtu wa kukushauri.