Tuzo Inatolewa Mchana, Kamera Zinawashwa Jioni

Wahariri mmeuliza: sherehe za tuzo za muziki zinazoonyeshwa kwenye televisheni bado zina uzito wowote kwa mpenzi wa muziki? Kwangu zina uzito mkubwa, na ndiyo maana zinaniuma.

Chukueni Grammy, zile tuzo za muziki za Marekani, za Februari 4, 2024. Mwaka ule ndipo kipengele cha muziki wa Afrika kilipoanza. Waliokuwa wakiwania ni Burna Boy, Davido akiwa na Musa Keys, Asake na Olamide, Ayra Starr, na Tyla. Hakuna jina hapo la kusindikiza wenzake. Akashinda Tyla, binti wa Afrika Kusini wa miaka 22, kwa wimbo wake "Water". Lakini aliyewasha televisheni sherehe kuu ilipoanza hakuiona bahasha ikifunguliwa, kwa sababu ilishafunguliwa saa kadhaa nyuma. Kuna sherehe ya awali inayofanyika mchana huko huko Los Angeles, mwaka ule katika ukumbi mwingine kabisa, nayo hurushwa kwa intaneti. Mimi niliifuata kwenye simu. Niliuona uso wa yule binti pale mbele, uso wa mtu ambaye bado hajaamini masikio yake, nikatamani wote waliocheza wimbo ule mwaka mzima wawe wameuona.

Halafu jioni, kwenye jukwaa kuu, Burna Boy akaimba pamoja na Brandy na 21 Savage. Alitumbuiza vizuri sana, simnyimi sifa yake. Ila nilikaa nikijiuliza: kumbe muziki wetu unafaa kuchangamsha ukumbi, lakini tuzo yake haifai kupewa dakika tatu?

Na si sisi peke yetu tunaopitwa. Mwaka ule vipengele vilikuwa 94, na vilivyotolewa ndani ya matangazo ya televisheni havikufika hata ishirini. Jazi, muziki wa klasiki, wapangaji wa ala, yaani wanaoamua kila ala ipige nini, watu wanaokesha studio wakisawazisha sauti, karibu wote humalizwa mchana. Hao ndio wanaoufanya wimbo usikike unavyosikika.

Kiswahili chenyewe kina historia na tuzo hizi, na wengi wetu hatuijui. Mwaka 1966 Miriam Makeba na Harry Belafonte walipata Grammy kwa albamu yao ya pamoja, na ndani ya albamu ile umo "Malaika", tena kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ikaja zamu ya "Baba Yetu", ile Sala ya Bwana ambayo Christopher Tin aliitungia muziki kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Ilishinda katika kipengele cha upangaji wa ala zinazomsindikiza mwimbaji, ukiwa ndio muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Nimekutana na watu wanaoiimba toka mwanzo hadi mwisho wasiojua kwamba iliwahi kupata tuzo. Wangejuaje, kama hawakuonyeshwa?

Nisije nikaonekana sioni jema. Televisheni ikitaka, inaweza. Usiku ule ule wa 2024 Tracy Chapman alipanda jukwaani na Luke Combs kuimba "Fast Car", wimbo wa mwaka 1988. Kamera ilianzia kwenye vidole vyake, vinacheza zile noti za mwanzo kwenye nyuzi za gitaa, taratibu. Kisha ikapanda hadi usoni, watu wakamtambua, ukumbi ukalipuka, naye akatabasamu. Sikuhitaji maelezo ya mtangazaji yeyote. Vidole vile vilinitosha. Aliyepanga picha ile anajua kuutazama muziki, na mtu huyo huyo angeweza kututazamia tuzo ya Afrika.

Najua kuna atakayesema vipengele 94 haviwezi kuenea kwenye saa tatu na nusu za televisheni. Ni kweli, na wala siombi vyote. Naomba vitatu kila mwaka, vikibadilishwa: mwaka huu muziki wa Afrika, mwakani jazi, mwaka unaofuata wapangaji wa ala. Dakika zitapatikana wakipunguza yale mazungumzo marefu kati ya wimbo na wimbo, ambayo sijawahi kusikia mpenzi wa muziki akiyakumbuka siku ya pili.

Nanyi wahariri, mnaweza kuanza kabla yao. Mkichapa orodha ya washindi, msiishie kwenye albamu ya mwaka, rekodi ya mwaka, wimbo wa mwaka na msanii mpya. Chapeni na waliopewa mchana, majina yao kamili, pamoja na prodyuza na mpangaji wa muziki. Mimi nitaisoma yote.