Jibu: Kijana wa chama kidogo anaweza kupata ubunge?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anatupa hela kugombea ubunge kwa chama ambacho si CCM wala chama kikuu cha upinzani. Umri si tatizo, Katiba inataka miaka 21 tu. Chama ndicho hawezi kukikwepa, maana mgombea binafsi haruhusiwi huku kwetu. (Kenya ruksa, ndiyo maana John Paul Mwirigi alichukua Igembe South mwaka 2017 akiwa na miaka 23, bila chama.)

Mtazame Zitto Kabwe. Mwaka 2005 alishinda Kigoma Kaskazini akiwa na miaka 29 kwa tiketi ya CHADEMA, na wakati ule chama kikubwa cha upinzani bungeni kilikuwa CUF. Mwaka 2015 akahamia kwenye chama kichanga kabisa: ACT-Wazalendo ilipata jimbo moja tu nchi nzima, nalo ni lake, Kigoma Mjini. Watu walimfuata yeye, bendera ikaja nyuma.

Kwa hiyo mdogo wako anajulikana jimboni, au mtandaoni tu? Mfumo wetu anayeongoza anabeba, wa pili anarudi nyumbani hata akipitwa kwa kura moja. Kama hajulikani, aanze na udiwani. Kama anajulikana, asimalizie hela kwenye fulana na spika. Aweke akiba ya mawakala, kila kituo kiwe na mtu anayeelewa fomu ya matokeo na asiyenunulika kwa chipsi kuku. Vyama vidogo vingi hukwama hapo.