Besi nzuri utaijua kabla hujachomeka waya

Juzi kijana mmoja wa Lamu aliniandikia. Amepata magitaa mawili ya besi: moja jipya, iko dukani Mombasa, na nyingine iliyotumika, iko kwa mwanamuziki wa hoteli hapa hapa Malindi. Akanitumia klipu za zote mbili kwenye WhatsApp na swali moja: "Mwalimu, ipi ina sauti?" Namjibu hapa ili na wengine wafaidike, maana najua nyote mnaonisoma mnataka siku moja mpande jukwaani, mpige, na watu wainuke vitini.

Kwanza, mwanangu, hizo klipu ziweke kando. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukiupiga wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haishuki huko. Unachosikia ni sauti za juu zinazopanda pamoja na noti, wala si noti yenyewe. Vuka Mokowe, panda basi, nenda ukaishike kwa mikono yako.

Mimi jambo hili la kuhukumu besi nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Enzi za ujana wetu hapa Malindi, kupata nafasi kwenye bendi ya hoteli ndiyo ilikuwa ndoto ya kila mpiga gitaa. Kiongozi wa bendi moja akaniita nijaribiwe. Nikaenda na besi yangu niliyoinunua kwa fundi wa redio, jina la kichwani limekwishafutika. Hakuniacha nipige hata wimbo mmoja. Alikitazama kichwa cha gitaa, akasema, "Hiyo si ya kupandia jukwaani." Nafasi akapewa mwenzangu mwenye besi ya jina kubwa. Usiku wa kwanza walipopiga nilisimama nje ya ukuta wa hoteli nikisikiliza. Mwenzangu alikuwa na mkono mzuri, hilo silikatai. Lakini besi yake ilikuwa na noti iliyokufa kwenye uzi wa kwanza, maeneo ya freti ya sita (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa), na kila chakacha ilipopita pale mdundo ulizama. Kiongozi hakuusikia. Alikuwa amesoma jina tu.

Mwezi uliopita nilipiga harusini, mtaa wa Shella, na besi ile ile. Fundi mitambo, kijana aliyekuja na spika zake kutoka Mombasa, alipanda jukwaani tulipopumzika, akainama kukitazama kichwa cha gitaa. Hakukuta kitu. Akaniuliza nimefunga pikapu gani, zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Nikamwambia ni zile zile ilizokuja nazo. Nasema haya kwa fahari, na sioni haya kusema.

Basi noti iliyokufa ndiyo ya kutafuta kwanza, na huitafuti kwa umeme. Kaa chini, pakata besi, egemeza sikio au taya kwenye pembe ya juu ya mwili wake. Piga uzi wa kwanza, wa G, freti baada ya freti, kila noti uiache ilie mpaka iishe yenyewe. Kwenye besi nyingi ambazo shingo imefungwa kwa skrubu, ugonjwa huwa kati ya freti ya tano na ya saba. Noti inatoka, halafu inakatika mapema kuliko jirani zake. Sababu ni kwamba shingo yenyewe hutikisika kwa kasi iliyo karibu na ya noti ile, ikaunyang'anya uzi nguvu. Bana kitu kizito kidogo kwenye kichwa cha gitaa usikie: ile noti iliyokufa itahama au itapungua. Haitaisha. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne, na muuzaji akinuna mwache anune, pesa ni zako.

Shingo nayo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama freti ya saba au ya nane. Kati ya uzi na freti pawe na nafasi ndogo sana, kiasi cha robo ya milimita hivi. Ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele, lakini hilo si la kukutisha, kwa kuwa ndani mna chuma ambacho fundi hukikaza ikanyooka. Kinachotisha ni shingo iliyosokoteka. Itazame kutoka upande wa daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, kuelekea kichwani. Ukiona ukingo mmoja umepanda na mwingine umeshuka, rudisha. Chuma kile hakinyooshi msokoto. Na mbao za pwani zinakunywa unyevu mwaka mzima, kwa hiyo usiruke kipimo hiki.

Vaa mkanda, simama, achia mikono yote miwili. Kichwa kikianguka chini, usiku mzima wa taarabu bega lako la kushoto ndilo litakalokibeba. Kilo nne hivi ni za kawaida. Urefu wa uzi wa inchi 34 ndio uliozoeleka tangu Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951, na mwenye vidole vifupi asione aibu kutafuta besi ya inchi 30, au shingo nyembamba ya namna ya besi yao nyingine, Jazz, iliyotoka 1960.

Wanangu, acheni kununua majina. Nasema tena, acheni. Jina halilii.

Hapo ndipo uchomeke waya. Dukani watakuwekea amplifaya kubwa, kitufe cha besi kimefunguliwa chote, na kila gitaa litanguruma. Rudisha vitufe vyote katikati. Zungusha vidhibiti vya besi yenyewe; vikitoa sauti ya kukwaruza, huenda vumbi au chumvi ya bahari imeingia, na hiyo ni kazi ndogo ya kusafisha. Ikiwa inatumia betri ya volti 9, kumbuka kuchomoa waya ukimaliza, la sivyo betri inaendelea kuliwa. Usiihukumu sauti kwa nyuzi zilizochoka. Mimi kwa chakacha napenda nyuzi zenye uso laini, zisizo na mikwaruzo. Mpiga funk atanibishia, na abishe.

Sasa hizo mbili zako. Ya dukani siwezi kuisema mpaka uipakate. Ya Malindi, pichani naona skrubu za daraja zimeshika kutu. Kutu peke yake haiui sauti, ila jaribu kama zinazunguka. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upate ile noti nyembamba, kisha ubane hapo hapo. Noti mbili hizo lazima zilingane. Zisipolingana, skrubu zile ndizo za kurekebishia, na zikiwa zimekwama itabidi ununue daraja. Zikizunguka, na uzi wa G ukalia sawasawa kuanzia freti ya tano hadi ya saba, mpe mwenyewe pesa yake. Zikigoma, mwombe akuondolee bei ya daraja jipya, na umwambie ni kwa nini.